Siku Gobori la Baba Liliposhuka Ukutani

Bondeni kwetu, Tennessee
Mwisho wa Oktoba, 1971

Kwako Dada yangu Delphia,

Pokea salamu zangu, dada yangu mpenzi. Zina moshi kidogo, maana nakuandikia nimekaa karibu kabisa na moto. Wasalimu mwanao Wendell na mkewe na wale watoto wao ambao majina yao nayachanganya kila mara. Magoti yako yanaendeleaje? Na kile kifua ulichosema kinakubana ukipanda ngazi, kimeachia? Sisi huku tupo. Mimi ni mzima, nakula kama kijana, ila macho tu, nayo nitakuja kuyasema mahali pake. Wifi yako Zella anakusalimu sana. Amekukaushia matufaha mfuko mzima na anasema hampi mtu mwingine hata akilia. Baridi imeanza kushuka mlimani asubuhi, na jozi za mijozi yetu zinaanguka juu ya bati la banda kama mtu anaturushia mawe. Unaikumbuka sauti hiyo. Nilipolala kwako Dayton nilisikia malori tu, nikajiuliza dada yangu anapataje usingizi.

Nisamehe mwandiko. Shule niliiacha kabla hatujazoeana. Herufi nimeziandika kubwa ili nizione mwenyewe, usije ukadhani nimekuona wewe ndiye kipofu.

Umeniuliza mashindano ya kulenga shabaha yalikwendaje, na kama ni kweli nililipeleka gobori la Baba. Nililipeleka. Ila siwezi kukurushia jibu tu kama mfupa. Lazima nianze pale Estel alipotuacha.

Tulipomzika kaka yetu mwezi wa tatu, nawe ukiwa kitandani na kile kifua, mwanasheria alisoma wosia jikoni kwake. Nyumba kwa binti yake, ng'ombe kwa kanisa, na gobori la Baba kwangu mimi. Dada, nilishika meza. Unajua nilivyolitaka gobori lile. Ninayo mengine kumi na manne hapa, yako chini ya kitanda, nyuma ya mlango, juu ya kabati la vyombo, mpaka Zella anasema akitaka kufagia lazima aombe ruhusa ya jeshi. Yote ni mazuri, na yote yanapiga, kwa sababu mimi si kama wale matajiri wa Knoxville wanaonunua gobori na kulitia ndani ya kabati la kioo kama maiti ya mfalme. Nifumbe macho unipe kitako tu nikishike, nitakuambia nani alilitengeneza na bonde gani. Hakuna mtu mwingine huku anayeweza hilo. Ottie Skaggs anasema anaweza, lakini Ottie husema mengi.

Hilo la Baba ndilo lilikuwa limebaki ukutani kwa Estel, na kila nilipomwomba nilipige mara moja tu, alikataa. Alisema Baba aliagiza lisiguswe. Nilimwambia Baba aliwaambia watoto, sasa mimi nina meno ya kununua dukani, bado ni mtoto? Akasema ndiyo, bado. Tulikaa miaka tukisalimiana kwenye mazishi tu kwa ajili ya gobori lile. Sasa naona aibu kidogo, lakini wakati ule nilimwona mchoyo.

Basi nikalishusha mwenyewe. Mti wake bado unang'aa pale shavu la Baba lilipolala. Kale kashimo ka mafuta pembeni ya kitako bado kana shahamu ndani, imekauka kama nta. Nikanusa, na nakuambia kweli, nilikuwa na miaka saba tena, nimekaa kwenye mguu wake. Halafu nikafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili hulifanya akishika gobori la zamani. Niliuteremsha mdeki, ule ufito wa kushindilia, ndani ya mtutu. Mtutu mtupu hulia kama kengele, ule mdeki unapogonga chuma. Huu haukulia. Uligonga kitu laini.

Bado lilikuwa limeshindiliwa, dada. Risasi ya Baba imo ndani.

Hadithi yenyewe unaijua kuliko mimi, ulikuwepo, lakini niache niisimulie kwa sababu nikiisimulia ndipo naipata vizuri. Ilikuwa vuli, mimi nina miaka tisa na wewe kumi na minne, na Estel ameshakwenda kambi ya magogo. Ile kampuni ya mbao ilikuwa na karatasi inayosema mijozi yetu ya juu ya chemchemi iko upande wao wa mpaka. Wakaja watu sita na mashoka na msumeno mrefu, wawili wana bunduki za kisasa, na mbele yao Mjomba Arvil, kaka yake Mama wa tumbo moja, ambaye kampuni ilikuwa imempa koti jipya na kazi ya kuwaonyesha njia. Baba akatoka kibarazani na gobori mkononi. Halikuwa na kitu. Mimi nilikuwa dirishani, pua kwenye kioo. Wewe ulisimama pembeni yake, yeye ananyoosha mkono na wewe unampa kimoja kimoja anachotaka. Akalishindilia mbele ya macho yao, polepole, kama mtu aliye peke yake na siku nzima iko mbele yake. Akaupiga mdeki mpaka ukaruka. Akaweka fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, chini ya nyundo. Halafu akawaambia kwamba mijozi ile ni ya watoto wake, kwamba atakayepita nguzo ya lango ndiye atakayepigwa, na waulizane wao kwa wao kama Elihu Stallard hukosa.

Walijua hakosi. Bonde zima lilijua. Mjomba Arvil akamwambia weka chini hicho kitu, Elihu, tuzungumze kama watu. Baba hakuishusha nyundo ya gobori. Wakasimama. Mama alikuwa nyuma yangu amenishika sikio bila kujua, karibu aling'oe. Halafu yule wa nyuma kabisa akageuka, na mwingine, mpaka Mjomba Arvil akabaki peke yake na koti lake, naye akaondoka. Hawakurudi tena. Jozi zinazonipigia bati leo ni za miti hiyo hiyo.

Na Baba akaingia ndani, akalitundika gobori juu ya meko vile vile, akasema lisiguswe. Kwangu mimi siku ile yote ilikuwa imo ndani ya mtutu ule, imefungwa. Nimeisimulia kwenye kila harusi na kila Krismasi. Watu wengine wana baba aliyekuwa seneta. Mimi nina huyo.

Sasa nije kwenye macho. Daktari wa mjini anasema nina mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba ifikapo majira ya kupanda nitakuwa natofautisha mchana na usiku tu. Anataka kunichoma kisu jichoni. Nikamwambia achome la kwake kwanza nione litakavyokuwa. Zella alilia kwenye gari, mimi nikapiga mluzi. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa na lile gobori magotini nikajua ninachotaka. Nilitaka kitu kimoja. Risasi ile aliyoishindilia Baba kwa mkono wake itoke kwa mdomo wa mtutu, kwenye mashindano, mbele ya watu, na mimi niwe ndiye niliyelala nyuma yake wakati bado naona pa kulenga. Baada ya hapo macho yaende yanakotaka.

Nikatangaza. Unanijua. Nilitangaza kanisani, nikatangaza dukani, nikatangaza kwa kinyozi nikiwa na sabuni masikioni. Watu wote kutoka huku mpaka ng'ambo ya mto walijua Verlin Stallard atafyatua risasi ya baba yake iliyokaa miaka sitini.

Zella alisema nitajiua. Alisema baruti ya zamani hivyo itapasua mtutu na yeye hatanizika na kichwa nusu. Nikamwambia baruti ikikaa pakavu haizeeki, si kama sisi. Ottie Skaggs akaja hapa na tumbo lake, akakaa kwenye kiti changu, akasema nilete mdeki apime mwenyewe. Akauteremsha, akautazama ulivyochomoza nje, maana ndivyo hupimwa kilichomo, akasema, mbona kidogo hivi, mzee, huyu baba yako alikuwa anashindilia gobori au anatia chumvi kwenye yai? Nikamwambia Baba hakuwa mtu wa kumwaga baruti kama akina Skaggs ambao wakipiga sungura wanatafuta hata mkia hawauoni. Tukacheka. Akaniambia ng'oa hiyo risasi kwa skrubu kama mtu mzima, weka ukumbusho kwenye kikombe, kisha shindilia upya. Nikasema risasi ya Baba haitatoka kinyumenyume kama jino. Itatoka inakokwenda. Akasema haya, kichwa cha nyumbu, nitaleta koleo tuokote vipande.

Siku ya mashindano kulikucha kuzuri, ile baridi kavu inayofanya moshi usimame. Unaikumbuka. Moto wa magogo katikati ya shamba, wanaume wamechuchumaa wanaunguza mbao zao za shabaha ziwe nyeusi, wanawake na masufuria ya maharage na mkate wa mahindi, na ile keki ya matufaha ya matabaka ambayo Mama aliitengeneza kuliko wote na sasa binti Skaggs anadhani anaijua. Ng'ombe wa zawadi amefungwa uani anatutazama kama hayamhusu. Na harufu, dada. Baruti nyeusi na shahamu na kahawa. Nilisimama hapo nikawaona wote waliokufa. Nilimwona Baba ameinama anakwaruza msalaba kwenye ubao wake kwa ncha ya kisu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

Mimi nami nikaukwaruza wangu, na juu yake nikabandika karatasi nyeupe ya kulengea. Sheria inasema karatasi unaikata upendavyo, kinachopimwa ni umbali kati ya risasi na msalaba. Basi niliikata kubwa ili niione kutoka kwenye gogo la kuegemezea mtutu, hatua sitini. Ottie akapiga kelele shamba zima lisikie, eti Verlin, shuka la nani umeanika huko, Zella amekosa kamba nyumbani? Mwingine akasema kama ni hivyo na yeye atalenga ghala. Nikawaambia chekeni sasa, kwa sababu baadaye mtakuwa mmevua kofia.

Na nikaongeza lile ninalolisema kila mwaka. Unaijua adhabu ya risasi kavu, lakini huenda Wendell haijui, mwelezee. Mtu akishindilia risasi akasahau baruti, fataki inalia peke yake na hakuna kitu. Risasi yake inang'olewa mbele ya watu, inatobolewa, inatungwa kwenye uzi, na anaivaa shingoni mpaka mashindano ya mwaka unaofuata. Anaivaa dukani, anaivaa kanisani. Ottie aliivaa kwenye harusi ya binti yake. Na siku hiyo hapigi tena, wala gobori lake halipigwi. Basi nikasema, kama kila mwaka, kwamba hakuna Stallard aliyewahi kuivaa, si mimi, si Baba, si baba yake. Nimelisema mara nyingi hata vijana wanalisema pamoja nami kabla sijamaliza.

Wakaniita. Watu waliacha kahawa. Hata Zella, aliyeapa hatatazama, nilimwona amesimama nyuma ya lori amefunika macho kwa vidole vilivyoachana. Nililala chali kwanza kidogo nikatazama mbingu, kisha nikageuka, nikaweka mtutu juu ya gogo, nikaweka fataki mpya. Shavu langu liliingia pale pale lilipolala la Baba. Ile karatasi niliiona, nyeupe, imetulia. Sijawahi kuiona shabaha vizuri hivyo mwaka mzima. Nikavuta pumzi nusu, nikafyatua.

Pa. Kama kijiti kimevunjika. Hakuna zaidi.

Tukangoja, kwa sababu gobori linaweza kuchelewa. Halikuchelewa. Nikaweka fataki ya pili, nikalichokoa tundu la fataki kwa sindano, nikaweka ya tatu. Pa, na pa. Sheria yetu ni kwamba baada ya ya tatu unalipeleka kwenye benchi kule pembeni, na msimamizi wa siku anashuhudia risasi iking'olewa. Na msimamizi wa siku alikuwa nani? Ottie Skaggs.

Nilijisemea baruti imekufa, basi. Inasikitisha, lakini si aibu. Ottie akashika mtutu, mimi nikazungusha skrubu. Watu walikuwa nyuma ya kamba, hawaoni. Ikatoka risasi, nyeupe juu kama imeota ukungu, na kitambaa kilichoifunga kimegeuka rangi ya tumbaku. Nikaugeuza mtutu juu ya kiganja ili baruti imwagike. Haikumwagika. Nikaugonga. Nikatia kitambaa cheupe mpaka mwisho, nikakitoa. Kilikuwa na mafuta tu, dada. Mafuta safi ya kusafishia chuma, hata chembe moja nyeusi hakuna. Baruti haikuwahi kuwekwa humo.

Ottie alinitazama. Mimi nikamtazama. 

Huko nyuma wakaanza kuita, vipi huko wazee, mmelala? Na mimi nikaona yote kwa mara moja. Nikisema kweli, kwamba risasi ni ya Baba na Baba hakuweka baruti, basi mimi sina kosa. Ningeshindilia upya pale pale, nikapiga, na macho yangu yalikuwa mazuri asubuhi ile. Lakini kabla ya chakula cha mchana kila mtu angekuwa anasema Elihu Stallard alisimama kibarazani akawatisha watu kwa gobori kavu. Wangecheka. Si kwa ubaya, lakini wangecheka, na wajukuu wao wangecheka, na siku ile ingekuwa kichekesho cha kusimuliwa wakati wa kuunguza mbao.

Nikasimama juu ya benchi. Nikasema kwa sauti yangu yote kwamba Zella alinisumbua sana jana jioni kuhusu baruti ya zamani, nikaing'oa risasi ya Baba, nikashindilia upya kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi, Verlin Stallard, nimesahau baruti.

Dada, kicheko kile! Ng'ombe yule wa zawadi alikata kamba. Mtu mmoja alianguka kwenye sufuria ya maharage. Nilimwona Zella ameshusha mikono, ananishangaa, kwa sababu alijua jana jioni nililala mapema kama kuku. Na kitambaa cha risasi, nikakumbuka kitambaa. Kilikuwa kimelala juu ya benchi na uzee wake wote, mtu yeyote akikiona angejua si cha jana. Nikanyoosha mkono, hakipo. Ottie alikuwa ameshakitia mfukoni. Risasi nayo alikuwa anaisugua kwa mchanga kwa dole gumba lake lile nene, ile nyeupe ikatoka, ikawa ya leo.

Kisha akapaza sauti kuliko wote. Alisema miaka yote hii ya mdomo mrefu, leo Bwana amesikia maombi ya akina Skaggs! Alisema leteni keekee, leteni uzi, leteni na mpiga picha kama yupo! Akaitoboa yeye, akanivika yeye, na alipokuwa ananifunga nyuma ya shingo akaninong'oneza kwamba mimi ni mjinga mkubwa kuliko alivyodhani, na kwamba Elihu angefurahi. Sijamwambia asante. Hatujazoea.

Nikaenda kukaa kwenye lori. Gobori la Baba halikupigwa. Niliwasikiliza wengine wakipiga mpaka jioni, na mwakani, kama daktari yule hakukosea, nitakuwa nawasikiliza tu vile vile.

Zella nimemwambia. Yeye, mimi, na Ottie. Sasa na wewe. Lakini sikuandikii barua ndefu hivi kwa ajili ya kukuambia habari. Nadhani habari hii unayo.

Jana niliisimulia tena kichwani, polepole, kama ninavyoisimulia siku zote, nikitafuta mahali Baba aliposahau. Kwanza nilidhani ni hofu. Lakini kitambaa kile cha risasi kilikuwa kimekatwa duara safi kuzunguka risasi, na ndani mtutu umepanguswa na kutiwa mafuta. Mkono unaotetemeka haukati vile. Nikaendelea. Nikafika pale anaponyoosha mkono nawe unampa. Kitambaa ulimpa. Risasi ulimpa. Mdeki aliuchomoa mwenyewe. Na pembe ya baruti, dada, ilikuwa begani kwako. Naiona. Ukanda wake ulikuwa mrefu, inakugonga gotini. Nimeisimulia hadithi hii maisha yangu yote, na maisha yangu yote pembe ile iko begani kwako, haikutoka.

Kwa hiyo ulikuwa unajua siku zote. Kila Krismasi nilipokuwa nasimama na glasi yangu nikipiga mdeki wa Baba hewani, wewe ulikuwa unaokota makombo ya keki kwa kidole, hunitazami. Nilidhani nimekuchosha. Na labda Estel naye alijua. Alikuwa na mdeki, alikuwa na usiku mwingi peke yake na ukuta ule. Nami nilimwita mchoyo.

Sina hasira. Nadhani najua ni kwa nini. Aliyesimama mbele alikuwa Mjomba Arvil, na Mama alikuwa dirishani. Baba asingeweza kuwaacha wakate, na asingeweza kumfanya Mama amzike kaka yake. Basi akasimama na mtutu usio na baruti mbele ya bunduki mbili za kweli, akawauliza kama yeye hukosa. Dada, mimi nimejigamba tangu utoto kwamba baba yangu hakuwahi kukosa shabaha. Sasa nimepata jambo kubwa kuliko hilo mara kumi, na siwezi kumwambia mtu. Unanijua. Jaribu kufikiria ninavyoumia.

Usinijibu hili kwa barua, maana Wendell ndiye hukuandikia barua zako. Mwambie akulete kabla theluji haijafunga barabara, ningali naona uso wako. Matufaha yako tayari, kitanda cha chini hakina ngazi, na magobori ya chini yake nitayahamisha mwenyewe. Nitakuwekea kiti kibarazani, upande ule ule uliosimama, uniambie kwa mdomo wako Baba alikuambia nini ulipotaka kumpa pembe. Mimi nitanyamaza. Najua huamini, lakini nitanyamaza mpaka umalize.

Zella anarudia salamu, na mimi narudia zangu, kwako na kwa nyumba nzima. Mungu akutunzie hicho kifua.

Ni mimi mdogo wako, mbishi yule yule,
Verlin